Dundu wa Ardhini na Nondo wa Mchana

Miongoni mwa wadudu wa misitu ya Afrika ya Mashariki wako wawili ambao, lau mtu angeambiwa achague mmoja tu wa kuwaonyesha wageni wake, bila shaka angemchagua wa pili na kumsahau wa kwanza. Nami sura hii naiandika kwa kuwa uchaguzi huo, ingawa macho yanaukubali, akili haiukubali. Wa kwanza ni dundu mweusi, mkubwa, mwepesi wa mbio, ajifichaye chini ya magogo na majani makavu, ambaye wanazuoni humwita Tefflus zanzibaricus. Wa pili ni nondo arukaye mchana kweupe, mwenye mistari ya kijani king'aacho juu ya weusi, na kwenye mabawa ya nyuma rangi za dhahabu na shaba, ambaye jina lake la kitaalamu ni Chrysiridia croesus. Wengi wamwonapo huyu wa pili humdhani kipepeo, wala hawana lawama, maana hata mabingwa wa elimu hii walighafilika kabla yao.

Mwaka 1773, mjini London, mfua fedha mmoja aitwaye Dru Drury, aliyekuwa akitumia mali yake kukusanya wadudu wa kila pembe ya dunia, alichapisha picha na maelezo ya ndugu wa nondo huyu, ambaye leo yajulikana kuwa makao yake ni Bukini, nchi ambayo ramani za siku hizi huiandika Madagascar. Drury aliletewa mdudu huyo na nahodha wa Hamburg aitwaye May, akaambiwa kwamba ametoka China au Bengal. Naye, kwa kuuona uzuri wa rangi na mikia ya mabawa, akamtia katika jamii ya vipepeo, hivyo akakosea nasaba baada ya kukosezwa nchi. Ilipita miaka hamsini kamili, hata mwaka 1823 Jacob Hübner akamtoa katika vipepeo na kumuundia jamii yake mwenyewe ya Chrysiridia. Huyu wetu wa bara alipewa jina mwaka 1871 na Mjerumani Adolf Gerstaecker, ambaye ndiye aliyeandika pia juu ya wadudu waliokusanywa katika safari za von der Decken, yule mwungwana wa Kijerumani aliyeuawa Bardera, kando ya Mto Juba, mwaka 1865. Gerstaecker alimwita kwa jina la Croesus, mfalme wa Lydia aliyevuma kwa mali kama avumavyo Karuni kwetu.

Atakaye kumtambua nondo na asitazame rangi wala saa ya kuruka kwake, bali atazame vipapasio: vya kipepeo huishia kwa kirungu kidogo, na vya nondo huyu huzidi kwenda vikikonda mpaka ncha. Fauka ya hayo, nondo wa ukoo huu wana masikio, nayo hayako kichwani bali tumboni, tena ya dume hayakukaa mahali pamoja na ya jike. Kazi kubwa ya masikio ya namna hii katika nondo ni kuisikia ile milio myembamba ya popo, isiyosikika kwa binadamu, ambayo kwayo popo hupapasa giza na kutafuta mawindo. Na popo, kama ajuavyo kila mtu aliyelala chini ya makuti, hatoki mpaka magharibi imeingia. Mdudu huyu basi anatembea adhuhuri hali amebeba silaha ya usiku. Ushahidi gani mwingine utakiwao kwamba wazee wake walikuwa watu wa giza, na kwamba mchana ameuhamia?

Kuhamia mchana kulimletea jambo ambalo nondo wa usiku hana haja nalo, yaani mapambo. Mabawa ya nondo na vipepeo wote yamefunikwa kwa vigamba vidogo mno, ambavyo hubaki vidoleni kama unga mtu akimshika mdudu, na katika wengi wao rangi ya kila kigamba hutokana na rangi iliyomo ndani yake, kama nguo iliyotiwa rangi na mfumaji. Kwa nondo huyu sivyo. Kijani chake na dhahabu yake havina rangi iliyopakwa mahali popote: kila kigamba kimejengwa kwa matabaka membamba yaliyotenganishwa na hewa, na nuru ikiyapiga, sehemu yake hurudi kutoka tabaka la juu na sehemu kutoka yale ya chini, nuru hizo zikakutana njiani, nyingine zikauana na nyingine zikatiliana nguvu, hata jicho likaona rangi moja tu iliyosalimika, na rangi ipi isalimike hutegemea unene wa matabaka. Ndiyo hali ile ile ya mafuta ya taa yakimwagika juu ya dimbwi. Lakini nondo ameizidi kwa kuwa vigamba vyake vimepinda, basi nuru huruka kutoka kigamba hata kigamba kabla ya kumfikia mtazamaji, na rangi zikachanganyika. Na kwa sababu hiyo mdudu aliyekufa miaka mia, akiwa amehifadhiwa sandukuni pasipo unyevu, bado hung'aa kama wa juzi.

Ama dundu, hana cha kuonyesha ila weusi. Ana urefu wa sentimita nne hivi, mgongo wenye matuta na mifereji iliyonyooka, miguu mirefu ya mkimbiaji, na mdomoni papasi zenye ncha pana kama vishoka, ambazo kwazo huonja ardhi apitapo. Ni wa ukoo wa Carabidae, ukoo mkubwa kupita kiasi, maana aina zilizokwisha kupewa majina hukaribia 40,000, na aghalabu yao ni wawindaji watembeao usiku na kulala mchana. Mabawa ya mbele ya madundu wote yamegeuka kuwa kifuniko kigumu cha kulinda mgongo, na chini ya kifuniko hicho ndimo yanamokunjwa mabawa ya kweli ya kurukia; lakini kwa Tefflus vifuniko viwili vimeungana vikawa deraya moja, na kuruka hawezi kabisa. Hapo ndipo tofauti yao inapokuwa ya kushangaza, kwani wote wawili wametoka katika yai, wote wamepitia umbo la funza kisha la bundo, na mmoja alipotoka katika bundo alifungua mabawa na kuondoka, na mwenziwe akafunga deraya na kubaki.

Chakula cha dundu huyu ni konokono, na meno yake, yaliyo nje ya mdomo kama koleo mbili zinazokutana, ndiyo zana yake. Madundu wa ukoo huu wana desturi ambayo msomaji mwenye moyo mwepesi huenda asipende kuisikia: wengi wao hawamezi windo wakalimeng'enya tumboni, bali humwaga maji makali ya tumbo juu ya nyama, nyama ikayeyuka hapo hapo ilipo, nao wakafyonza mchuzi. Kwa windo lililokaa ndani ya gamba gumu njia hiyo yafaa sana, maana pale koleo lisipofika, maji hufika. Wala si mzazi tu mwenye ulafi huo. Funza wake, mwenye miguu sita na mwendo wa haraka, hajui kungoja kulishwa, bali huingia kuwinda konokono tangu ujana wake. Kiwavi wa nondo, kwa upande wake, ni mla majani mtulivu, mwenye nywele nyeusi na miguu myekundu katika yule wa Bukini, na akianguka kutoka jani lake huning'inia kwa uzi wa hariri alioufuma mwenyewe, kisha akaupanda kurudi mezani.

Kila mmoja wa hawa amejikinga kwa sumu, lakini namna ya kuipata sumu hiyo ndiyo itakayotufunulia tabia zao. Dundu hutengeneza yake. Mwishoni mwa tumbo la kila mdudu wa ukoo huu mna tezi mbili zitoazo maji machungu, na kwa wengine ni asidi ile ile itumiwayo na sisimizi wengi. Wapo jamaa zake, ambao katika nchi zetu ni wa jamii ya Pheropsophus, waliofika mbali zaidi: huweka dawa mbili pamoja katika chumba kimoja cha mwili, na wakichokozwa huzisukuma hadi chumba cha pili chenye vimeng'enya, zikalipuka kwa mshindo usikikao na kumrushia adui mvuke wenye joto kama la maji yachemkayo. Wapo na wengine wa jangwani, wa jamii ya Anthia, weusi wenye madoa meupe, ambao asidi yao huogopwa hata ikawa mjusi mmoja wa Kalahari, angali mtoto, huvaa weusi na weupe kama wao na kutembea amekunja mgongo kwa mwendo wa kikakamavu usio wa mijusi. Akikua, akawa mkubwa kuliko dundu na hila hiyo isimfae tena, hubadili rangi na mwendo kwa pamoja. Jambo hili Waamerika wawili, Raymond Huey na Eric Pianka, walilieleza mwaka 1977, na mimi sijasoma katika habari za wadudu heshima kubwa kuliko hii ya mnyama mwenye uti wa mgongo kujifanya dundu ili apate salama.

Nondo hatengenezi sumu. Huirithi kutoka katika chakula. Viwavi wa Chrysiridia, kama walivyo viwavi wa jamaa zao wa Amerika waitwao Urania, hawali mmea wowote ila ile ya jamii ya Omphalea, ambayo baadhi yake ni mitambaazi minene ya msituni ipandayo juu ya miti mingine. Majani ya mimea hiyo yana dawa iliyo na umbo la sukari ilhali si sukari, na mdudu wa kawaida ailapo, vimeng'enya vyake huishika kwa kudhani ni chakula, vikaziba, na sukari ya kweli ikapita pasipo kumfaa. Viwavi hawa hawadhuriki. Dawa huihifadhi mwilini, na kwa hiyo rangi zile za fahari za mdudu mzima, zaidi ya kuwa mapambo, ni onyo kwa ndege: usinile, utajuta.

Hata hivyo mmea haukukubali kuliwa bure. Neal Smith, aliyefanya kazi Panama katika taasisi ya Smithsonian, aliandika mwaka 1983 kwamba Omphalea ikitafunwa na viwavi wa Urania kizazi baada ya kizazi huongeza ukali wa majani yake, hata hao wenyewe waliozoea sumu wakashindwa, na hapo ndipo nondo huondoka kwa maelfu, wakavuka milima na ghuba kutafuta mahali ambapo mmea umepumzika na ukali wake umeshuka. Kule Bukini nako nondo huhama kati ya misitu mikavu ya magharibi na misitu ya mvua ya mashariki, kwa kuwa pande zote mbili zina Omphalea, lakini si za aina moja wala za hali moja. Msafara wa nondo hawa wang'aao ukipita juu ya vilele vya miti, mtazamaji huudhani matembezi ya furaha. Nao kwa kweli ni msafara wa waliofukuzwa mezani.

Ukilitia jambo hili katika mizani, mambo hupinduka. Yule mwenye mabawa, awezaye kuvuka bahari ndogo na kulala kila usiku penginepo, amefungwa na jamii moja ya mmea tangu alipotoka katika yai, na mmea huo usipokuwapo mabawa hayamsaidii kitu, maana atakapotua hatakuwa na jani la kutagia. Na yule asiye na mabawa, ambaye pengine huzaliwa na kufa katika eneo ambalo mtoto angelizunguka kabla ya chai kupoa, hana mti anaoutegemea, wala hamuulizi konokono wake amekula jani gani. Mmoja amepewa uhuru wa njia akanyimwa uhuru wa chakula, na mwingine kinyume chake. Mimi, nikishurutishwa kutaja nani kati yao ni mfungwa, ningesitasita sana, na kusitasita huko ndiko kulikonifanya niwaweke pamoja.

Suala la dundu kuacha mabawa limewashughulisha watu wakubwa. Charles Darwin, katika kitabu chake cha 1859 juu ya asili ya viumbe, alitumia hesabu za rafiki yake Wollaston aliyewachunguza madundu wa kisiwa cha Madeira, ambako kati ya aina 550 zilizojulikana wakati huo, 200 hazikuweza kuruka. Naye akaona kwamba upepo wa bahari huwachukua warukao ukawazamisha, wakabaki wale wavivu wa kuruka, nao ndio waliozaa. Maelezo hayo ni mazuri kwa kisiwa, lakini hayatoshi kwa mlima wala kwa msitu mnene, ambako hakuna bahari ya kuzama. Mwaka 1943 Philip Darlington wa Harvard, aliyewajua madundu wa Carabidae kama wachache walivyowajua, alitoa hoja nyingine, nami naiona ina nguvu zaidi: mabawa ni gharama, kwa kuwa misuli ya kuyaendesha hula chakula ambacho kingekwenda katika mayai, na mahali ambapo makao hayabadiliki kwa dahari, asiyelipa gharama hiyo humshinda alipaye. Ziwa dogo hukauka, jalala huondolewa, shamba huachwa likawa kichaka, na dundu wa mahali kama hapo sharti awe na mabawa. Bali msitu wa kale husimama.

Na misitu ya kale tunayo. Katika miaka ya 1950 Wabelgiji wawili, Pierre Basilewsky wa jumba la makumbusho la Tervuren, na Narcisse Leleup, ambaye alikuwa akichunguza wadudu wa udongo katika Kongo, walikuja Afrika ya Mashariki kukusanya wadudu wa milimani, na safari yao hujulikana katika vitabu kwa mwaka 1957. Katika milima kama Uluguru na Usambara, ambayo misitu yake ilibaki na unyevu wakati nchi za chini zilipokauka, aina za madundu wasio na mabawa zimejitenga kila mojawapo katika mlima wake, hazina habari za jirani zao ng'ambo ya bonde, kwa sababu bonde kavu kwa mdudu aendaye kwa miguu ni bahari isiyo na jahazi. Nondo hulivuka bonde hilo kabla ya alasiri.

Kisa kimoja kitaonyesha jinsi wanadamu wasivyoelewa maana ya kushikamana na mahali. Konokono mkubwa wa pwani yetu, Achatina fulica, alichukuliwa na watu hadi visiwa vya Bahari ya Hindi, na mwaka 1847 Mwingereza W. H. Benson akamtoa Mauritius akamfikisha Calcutta na kumwachia bustanini. Na kutoka huko akaenea katika Asia, akafika Hawaii mwaka 1936, akageuka balaa la mashamba. Watawala wa kilimo wa Hawaii waliposhindwa kumwokota, katika miaka ya 1950 walirudi alikotoka wakatafute adui yake, na miongoni mwa waliosafirishwa alikuwamo dundu wetu Tefflus, pamoja na konokono wala konokono wa jamii ya Gonaxis kutoka Kenya. Dundu hakustawi. Mwaka 1955 akaletwa konokono mwindaji kutoka Florida aitwaye Euglandina rosea, naye alistawi kuliko walivyotaka, maana aliwaacha wale wakubwa wa Afrika akawageukia konokono wadogo wa miti wa Oahu, wa jamii ya Achatinella, wasiopatikana penginepo duniani, hata mwaka 1981 serikali ya Marekani ikaitangaza jamii nzima kuwa hatarini kupotea. Katika hesabu hii naona haya kusema kwamba dundu aliyekataa kuzoea ugeni ndiye aliyeleta madhara madogo kuliko wote, walakini ndivyo ilivyokuwa.

Nondo naye ana kisa chake, nacho ni cha Jamaica. Huko alikuwapo Urania sloanus, jamaa wa huyu wetu, mweusi mwenye kijani na nyekundu, ambaye makundi yake yalikuwa yakionekana mara nyingi, na miaka mingine kwa wingi mkubwa. Misitu ya nchi za chini ilikatwa, na mimea ya Omphalea ikapungua nayo, na safari za nondo, badala ya kuwa njia ya kuokoka, zikakosa mahali pa kuishia. Naye hakuonekana tena tangu mwaka 1894 au 1895.

Yatokanayo na haya yawahusu hasa maofisa wa misitu na wanafunzi wao, ambao aghalabu hupima afya ya msitu kwa kile kipitacho mbele ya macho. Nondo akionekana juu ya mwembe wa kijijini anakunywa maua, hajatoa habari yoyote ya msitu ulio karibu, kwani huenda ametoka maili nyingi na kesho hayupo. Atakaye habari zake na amtafute akiwa kiwavi, juu ya mtambaazi wake, kwa kuwa hapo ndipo penye shina la maisha yake. Dundu hahitaji kutafutwa hivyo. Hufukiwa makopo ardhini, midomo yake ikalingana na udongo, yakaachwa usiku wa mvua za masika au vuli, na asubuhi yakafunuliwa: aliyemo ndani ni mkaazi wa hapo hapo, baba yake alikuwa wa hapo, na ikiwa msitu ule uliwahi kufyekwa wote kisha ukaota upya, dundu asiye na mabawa hawezi kuwamo isipokuwa kama kulisalia kipande kilichopakana nao, akarudi kwa miguu, hatua kwa hatua, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo makopo yakiwa matupu ya madundu wakubwa katika msitu wenye miti mirefu na vivuli vizuri, mpimaji ana haki ya kuuliza wazee wa kijiji ni nani aliyeupanda, na lini.